Kwale Iko na Reli: Hivi Ndivyo Unaweza Kuijenga Upya Ndani ya Keja, na Chumvi Isiimalize

Uliza msee yeyote wa Diani ama Msambweni kama Kwale iko na reli. Atakucheka. Atakwambia reli ni ya Mombasa, mpaka uvuke feri ndio uanze kuskia stori za treni.

Hapo amekosea. Reli inapita Kwale kabisa, sema tu inapita ule upande wa bara, njia ya Kinango: Samburu (si ile ya Maralal), Taru, halafu Mackinnon Road. Mjengo wa reli ya zamani ulianza Mombasa 1896 na ukafika Kisumu 1901, kwa hivyo hizo steji za Kwale ni kati ya zile za kwanza kabisa kuona treni Kenya.

Ngori ilikuja baadaye. SGR ilizinduliwa 31 Mei 2017, na treni ya zamani ya abiria ya Nairobi na Mombasa ikastaafu. Madaraka Express inayosimama njiani inasimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Soma hiyo orodha tena. Mariakani ni Kilifi, Miasenyi ni Taita Taveta. Treni inakata Kwale mbio kama matatu iliyojaa.

Sasa kuna njia moja ya kuirudisha hiyo steji, na haihitaji tenda ya serikali. Unaijenga wewe mwenyewe, ndogo, juu ya meza, na treni inayotembea kwa stima. Wazungu wamefanya huu mchezo zaidi ya miaka 100. Märklin wa Ujerumani walianza kuuza treni za kuchezea zenye vipimo maalum 1891, Hornby wa Uingereza wakafuata 1920. Kule Hamburg kuna jumba linaitwa Miniatur Wunderland, lilifunguliwa 2001, na watu wanapanga laini kucheki treni ndogo tu.

Ukiwa South Coast hii kitu inawezekana. Lakini usiige video za wasee wa Ulaya kila kitu, juu wao hawaishi na chumvi, unyevu, mchwa na stima ya kupotea. Twende pole pole.

Anza na hesabu

Kila treni ndogo iko na kipimo. Kile maarufu zaidi kinaitwa HO, na maana yake ni 1 kwa 87. Yaani kitu cha urefu wa mita 87 kinakuwa mita 1. Kuna N, 1 kwa 160, kwa wasee wa nafasi kidogo. Halafu kuna TT, 1 kwa 120, iko katikati.

Hapa ndio Mkenya anafaa kutoa kikokotoo. Upana kati ya vyuma viwili vya SGR ni milimita 1,435. Gawanya kwa 87, unapata 16.5. Hiyo ndiyo reli ya kawaida ya HO inayouzwa dunia nzima. Kwa hivyo ukitaka kujenga SGR, nunua HO ya kawaida na umemaliza.

Reli ya zamani ni stori tofauti. Ile ni milimita 1,000. Gawanya kwa 87, unapata 11.5. Ukiweka treni ya zamani ya Kenya kwenye reli ya milimita 16.5, itakaa kama mtoto amevaa viatu vya babake. Ujanja ni kutumia reli ya TT, ambayo ni milimita 12. Tofauti ya nusu milimita hakuna jicho litaiona. Unanunua mota na magurudumu ya TT, halafu juu yake unajenga bodi ya kipimo cha HO kwa kadibodi ngumu ama plastiki. Hivyo ndivyo wapenzi wa reli nyembamba huko nje wanafanya miaka nenda miaka rudi.

Ukiwa na roho ya kujitesa, jenga Garratt ya klasi 59. Hawa walikuwa mabosi wa laini ya Mombasa. Beyer Peacock wa Manchester waliunda 34, kati ya 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake ni tani 252 na urefu karibu mita 31.7. Kwa HO, hiyo inakuwa sentimita 36, ndefu kuliko rula yako ya shule. Mount Gelai, namba 5918, iko hadi leo Nairobi Railway Museum. Unaweza kwenda na tepu ya kupimia.

Chagua steji moja, sare na nchi nzima

Watu wengi huanguka hapa. Wanataka Mombasa mpaka Nairobi. Hesabu tena: SGR ni kilomita 472. Kwa HO, hiyo ni zaidi ya kilomita 5 za reli ndogo. Keja yako ni mita 3 kwa 4.

Chagua mahali pamoja na upajue vizuri. Kwa mtu wa Kwale, Mackinnon Road ni dhahabu. Jina lenyewe lilitoka kwa William Mackinnon, tajiri wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa inafungua njia ya bara kabla reli haijafika. Baada ya vita vya pili vya dunia jeshi la Uingereza liliweka hapo bohari kubwa ya vifaa, na wakati wa Mau Mau pakawa kambi ya kufungia watu. Halafu kuna msikiti ulio kando ya reli, mahali alipozikwa Sayyid Baghali Shah, aliyefanya kazi kwenye mjengo wa reli. Wanasimulia kwamba karai la mchanga lilikuwa linaelea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Amini usiamini, mpaka leo wasafiri wa barabara ya Mombasa wanasimama hapo kuomba dua.

Angalia vile hiyo ni picha kamili ya meza moja: reli, msikiti, barabara ya malori, maduka ya mabati, mibuyu na udongo mwekundu wa Taru. Kila kitu kiko karibu na kingine. Hauhitaji kubuni chochote.

Kabla ugonge msumari wa kwanza, tafuta mzee aliyeishi kando ya reli na ubonge naye. Ofisi ya steji ilikuwa upande gani? Tangi la maji lilikuwa wapi? Mama wa mayai na machungwa walikuwa wanasimama wapi treni ikifika? Hizo vitu haziko kwenye ramani, ziko kwenye vichwa vya watu, na hao watu hawatakuwepo milele. Mwite babu ama bibi kwa heshima, beba sukari kidogo, na uchore ukiwa hapo hapo. Na usitembee juu ya reli kupima kitu. Treni za mizigo bado ni treni.

Meza: mbao ikinywa maji umeisha

Ukitaka treni izunguke duara, HO inataka kona yenye nusu kipenyo cha kama sentimita 45. Meza itahitaji upana wa zaidi ya mita moja. N inatosheka na sentimita 23 hivi, kwa hivyo meza ya 60 kwa 120 inafaa.

Lakini duara si lazima. Kwa bedsita, jenga rafu ya sentimita 30 kwa 150 kando ya ukuta, treni iende na irudi. Hiyo inafaa steji, juu steji halisi haizunguki kama karuseli. Unaingiza treni, unaacha behewa moja, unachukua lingine, unatoka. Ukiwa na njia panda mbili za reli, una kazi ya jioni nzima.

Kuhusu mbao, kaa mbali na chipboard na MDF. Unyevu wa pwani ukiingia zinavimba kama mandazi. Mwambie fundi akupe plaiwudi ya marine, halafu upake vanishi ama rangi pande zote, juu, chini na kwa kingo. Ukipaka juu peke yake, upande wa chini utakunywa unyevu na meza itajipinda.

Miguu ya meza iweke ndani ya mikebe yenye mafuta kidogo, kama vile bibi yako alifanya na kabati ya chakula. Mchwa na siafu hawavuki hapo. Ukiamua ni rafu ya ukutani, kagua ukuta kila mwezi kama kuna njia ya udongo inapanda.

Reli na stima

Treni za kawaida zinatumia volti 12 za DC. Chuma kimoja cha reli ni chanya, kingine ni hasi, na magurudumu yanabeba moto mpaka kwa mota. Ukibadilisha chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Mfumo mzima ni huo. Kuna mfumo wa dijitali wa kuendesha treni nyingi kwa pamoja, lakini huo ni wa baadaye, mfuko ukinona.

Kwa mwanzo tafuta adapta ya volti 12, ampia 2. Katikati weka kidhibiti kidogo cha kasi ya mota ya DC, zile bodi za kuzungusha kinobu zinazouzwa Luthuli Avenue na maduka ya vifaa vya umeme Mombasa. Ongeza swichi ya pini 6 ya kugeuza mwelekeo, na fyuzi ya ampia 1. Fyuzi usiiruke. Kijiko kikianguka juu ya reli, ni bora fyuzi iungue kuliko nyumba.

Stima ikipotea, na unajua itapotea, betri ya sola ya volti 12 itakuendeshea treni moja kwa masaa. Treni ndogo moja kawaida inakula chini ya ampia 1.

Usitegemee viungio vya reli kupitisha moto. Hewa ya chumvi itaviharibu mapema. Solda nyaya mbili kila baada ya mita moja ya reli, zishuke chini ya meza, ziungane na nyaya mbili nene. Ukisolda fungua dirisha, usivute ule moshi. Kati ya vipande vya reli acha nafasi ya kama nusu milimita. Kipande cha mita moja kinarefuka karibu robo milimita joto likipanda digrii 15, na mbao nayo inacheza ikivuta unyevu. Ukibana kila kitu bila nafasi, siku ya jua kali reli itajikunja na treni itaruka nje.

Na ukinunua reli za mitumba, angalia chuma. Zile za rangi ya shaba ya manjano zinashika kutu inayozuia moto kupita. Zile nyeupe za nikeli zinavumilia zaidi. Kwa mtu wa pwani, nyeupe ndio form.

Mandhari: acha mchanga wa Diani ukae Diani

Najua umeshafikiria kuchota mchanga mweupe wa beach uufanye kokoto za reli. Usifanye. Kwanza uko na chumvi, na chumvi inavuta maji. Pili, mchanga wa Kwale unaweza kuwa na vyuma ndani. Base Titanium walichimba ilmenaiti, rutaili na zirkoni kwenye mchanga wa Kwale mpaka mwisho wa 2024. Baadhi ya zile chembe nyeusi zinavutwa na sumaku. Na ndani ya mota ya treni yako kuna nini? Sumaku. Chembe moja ikiingia huko, inasaga mota polepole mpaka ife.

Tumia vumbi la kokoto kutoka kwa mjengo. Lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likaushe, lichuje kwa chujio la chai. Chembe za nusu milimita hivi ndizo unataka, juu kokoto halisi ya sentimita 5 ukigawanya kwa 87 unapata hapo hapo. Halafu funga sumaku kali ndani ya karatasi ya nailoni na uipitishe juu ya hilo vumbi mara kadhaa. Kila kinachonasa, tupa.

Gundi nyeupe ya mbao changanya nusu kwa nusu na maji, weka tone la sabuni ya vyombo ili iingie vizuri, dondosha juu ya kokoto na uache usiku mzima.

Vitu vingine viko nyumbani tayari:

- Nyasi kavu za Taru: nyuzi za makumbi ya nazi, zikatwe ndogo.
- Mibuyu: chukua waya wa stima wa zamani wenye nyuzi nyingi, zisokote ziwe shina nene, fungua ncha ziwe matawi, paka gundi na karatasi ya choo, halafu rangi ya kijivu.
- Mabati: karatasi ya foili ya jikoni, ikandamize juu ya boliti ya M6. Nyuzi zake ziko milimita 1 kwa 1, karibu sawa na mawimbi ya mabati halisi kwa HO.
- Udongo mwekundu: uukaange kwa sufuria kavu uue wadudu, kisha chuja. Sumaku nayo ipite hapa pia.

Sasa kazi yenyewe: matunzo

Kujenga ni raha ya miezi mitatu. Kutunza ndio kunaonyesha nani alikuwa serious. Meza nyingi haziharibiki kwa kuvunjika. Zinakufa kwa uchafu: treni inaanza kusitasita, mwenyewe anachoka, shuka linawekwa juu, mathee anaanza kuweka nguo hapo.

Kabla ya kila mchezo, futa reli kwa kitambaa safi cha pamba chenye isopropili ya chemisti. Dakika 5. Kitambaa kikitoka cheusi, endelea. Usitumie msasa mbaya, juu unaacha mikwaruzo na uchafu unajificha humo.

Kila wiki, endesha treni hata kama huna mood. Reli inayotumika inakaa safi kuliko inayolala.

Kila mwezi, geuza kichwa cha treni na usafishe magurudumu kwa kijiti cha pamba. Weka tone moja la mafuta mepesi kwenye ekseli, moja tu. Mafuta mengi yanamwagika kwa reli na kushika vumbi. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda.

Msimu wa masika na kusi, upepo wa bahari ukivuma, funga dirisha la upande wa bahari na ufunike meza kwa shuka la pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani. Vichwa vya treni viweke kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya kiatu kipya vya kuvuta unyevu. Shuka pia linakukinga na mijusi, ambao wanaona paa la steji yako kama choo.

Treni ikigoma, usianze kufungua mota. Fuata hii njia:

1. Inagoma mahali pamoja kila saa? Shida ni reli ama kiungio hapo. Futa, halafu pima volti kwa mita.
2. Inagoma kila mahali? Shida ni magurudumu. Safisha.
3. Treni zote zimekufa? Angalia fyuzi na adapta, kisha tafuta chuma kilicholala juu ya reli zote mbili.
4. Inaruka nje kwenye kona moja? Pitisha kidole kwenye kiungio. Ukihisi ngazi, hapo ndipo.

Ganji je?

Hii kitu inaweza kula pesa kama gari bovu, lakini si lazima. Mota, magurudumu na reli ndizo utanunua kutoka nje, na kabla ya kuagiza uliza ushuru na gharama ya usafiri, isije mzigo ukafika bandarini ukakushinda kutoa. Anza na kichwa kimoja, mabehewa mawili na mita mbili za reli. Mengine yote ni kadibodi, gundi na muda. Mkiwa mbogi ya watu wanne, kila mmoja ajenge kipande cha mita moja chenye upana sawa na reli inayotoka katikati. Mmoja Samburu, mwingine Taru, mwingine Mackinnon Road, mwingine daraja. Siku mkikutana mnaunganisha, na Kwale nzima ya bara iko kwenye chumba kimoja.

Ukimaliza utakuwa umejua kusolda, kupima mzunguko wa stima, kusoma ramani na kukata mbao sawa. Hizo ni kazi zinazolipwa nje ya mlango wako.

Halafu mwite yule mzee uliyebonga naye mwanzo. Mpe kiti, washa treni, isimame mbele ya steji. Atakuonyesha kitu umeweka mahali si pake. Kirekebishe akiwa bado ameketi hapo.